Feni Kubwa, Mwendo wa Pole: Kupoza Taa za Tangi la Samaki Kakamega Bila Kelele

Anayenunua feni ya kupoza taa za tangi la samaki hutazama mambo mawili: kama itaingia kwenye nafasi iliyopo, na kama bei yake inavumilika. Akifika nyumbani anaifunga, anawasha, na sebule inapata mvumo ambao haukuwapo asubuhi. Mchana mvumo huo hausumbui. Usiku, mvua ikishakatika na mabati yakanyamaza, ndio unaobaki masikioni. Mwishowe mwenye nyumba anaizima feni na kuziacha taa zikiwaka. Kuanzia hapo joto linajikusanya ndani ya kifuniko, mwanga unafifia mapema, na mara nyingi draiva ya taa ndiyo inayokufa kwanza.

Nionavyo, utulivu haupatikani kwa kutafuta boksi lililoandikwa kwamba feni iliyomo haina kelele. Unapatikana kwa kupunguza joto kabla ya kununua chochote, kuchagua feni kubwa kuliko inayoonekana kutosha, kisha kuizungusha polepole ndani ya kifuniko kinachoruhusu hewa kupita bila kubanwa. Mfano ninaoutumia hapa ni tangi la kawaida la sebuleni mjini Kakamega: urefu sentimita 120, upana 40, kimo 45, yaani lita 216 likijazwa pomoni. Kifuniko chake ni cha plaiwudi, na taa ni za LED zinazokula wati 60 kutoka kwenye soketi.

Kakamega si Mombasa

Mashauri mengi kuhusu feni za matangi yametolewa kwa watu ambao maji yao yanapata moto kupita kiasi. Mfugaji wa Mombasa, ambako hewa ya Februari hupita nyuzi 30, ana sababu ya kuelekeza upepo juu ya maji ili mvuke uondoke na joto la maji lishuke. Kakamega iko mita 1,535 hivi juu ya usawa wa bahari. Hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mchana hewa huwa nyuzi 26 hadi 29, na usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 14. Samaki wengi wa mapambo wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Ndiyo maana mfugaji wa hapa huweka hita ndani ya tangi.

Feni inayopuliza juu ya maji Kakamega inashindana na hita hiyo. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke huondoka na nishati inayolingana na yuniti 0.67 za umeme, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kwenye maji yenyewe. Tangi likipoteza lita 2 zaidi kwa siku kwa sababu ya upepo, hita italazimika kurudisha karibu yuniti 1 kila siku. Anayenunua tokeni ataiona tofauti hiyo kabla mwezi haujaisha.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza unahusu njia ya hewa. Chumba cha taa kitenganishwe na maji kwa kioo, na hewa ya feni ipite juu ya kioo hicho peke yake. Kioo kinazuia mvuke usifike kwenye taa na kwenye feni, na kinayaachia maji joto lake. Kazi inayobaki ni kukipangusa mara kwa mara, kwa sababu chokaa na matone yaliyokauka hula mwanga.

Mwinuko wa mji una athari nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa yenye nyuzi 28 ina uzito wa takriban kilo 1.17. Ya Kakamega yenye nyuzi 26 ina kilo 0.98. Joto hubebwa na uzito wa hewa, na feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile husogeza ujazo uleule katika miji yote miwili. Matokeo yake ni kwamba hewa ya Kakamega huondoa joto pungufu kwa asilimia 16 hivi. Takwimu zilizo kwenye boksi hutolewa kwa hewa ya usawa wa bahari, basi anayenunua feni kwa ajili ya Kakamega aongeze moja ya tano juu ya ujazo ambao mtu wa pwani angehitaji.

Hesabu kabla ya duka

Taa za wati 60 hazitoi wati 60 za joto ndani ya kifuniko. Sehemu ya umeme hupotea kwenye draiva, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa volti 240 kuwa umeme wa taa. Draiva nzuri ya ukubwa huu hupoteza wati 6 hadi 8. Itoe nje ya kifuniko, uifunge ukutani au nyuma ya meza ya tangi mahali pakavu, na joto hilo litakuwa limeondoka bila feni yoyote. Draiva yenyewe itadumu zaidi: kapasita zilizomo ndani, kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, huongeza umri wao takriban maradufu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10.

Zinabaki wati 52 au 54. LED za siku hizi hugeuza kiasi cha theluthi moja au zaidi kuwa mwanga, na mwanga huo hushuka majini. Tuchukue kwamba wati 35 ndizo zinazogeuka joto ndani ya chumba cha taa, na kwamba tunakubali hewa ipande nyuzi 5 tangu inapoingia hadi inapotoka. Kwa hewa ya Kakamega hesabu ni fupi: zidisha wati za joto kwa 3.65, gawanya kwa nyuzi unazokubali, utapata mita za ujazo za hewa zinazohitajika kwa saa. Wati 35 mara 3.65, gawanya kwa 5, ni takriban 26. Mombasa kizidishi ni 3.05, na jibu lingekuwa 21.

Mita za ujazo 26 kwa saa ni hewa kidogo. Maboksi mengi huandika futi za ujazo kwa dakika. Zidisha idadi hiyo kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Hitaji letu ni kama futi 15 tu kwa dakika. Feni nyingi za kompyuta zinavuka kiwango hicho zikiwa zimepunguzwa kasi sana, na hapo ndipo penye mwanya wa kununua utulivu.

Kwa nini milimita 120

Feni za volti 12 zinazopatikana kwa mafundi wa kompyuta na katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huja kwa vipimo vinavyojulikana: milimita 40, 60, 80, 92, 120 na 140. Mwenye kifuniko chembamba huvutwa na zile ndogo. Feni ya milimita 40 kwa kawaida husogeza mita za ujazo 8 hadi 12 kwa saa, na ili ifanye hivyo huzunguka mara 4,500 hadi 5,000 kwa dakika. Ingehitajika zaidi ya moja, pengine tatu au nne, na bado hatujahesabu ukinzani wa kifuniko.

Feni ya milimita 120 ni habari tofauti. Mfano ambao takwimu zake ziko wazi ni NF-S12A FLX ya kampuni ya Noctua ya Austria: kwa mizunguko 1,200 kwa dakika husogeza mita za ujazo 107.5 kwa saa, na kelele yake imeandikwa kuwa desibeli 17.8. Ukiishusha hadi mizunguko 700, ujazo hubaki zaidi ya 60. Kifuniko kikila nusu ya ujazo huo kwa ukinzani wake, bado tuko juu ya 26. Hakuna haja ya kununua feni hiyo hasa. Feni ya milimita 120 iliyotolewa kwenye kasha la kompyuta kuukuu, ikiwa beringi yake ni nzima, inafuata kanuni zilezile.

Kanuni zenyewe ni hizi. Ujazo wa hewa hupanda na kushuka sawasawa na kasi. Kelele hushuka haraka zaidi: kasi ikipunguzwa nusu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhisi desibeli 10 kama nusu ya ukubwa wa sauti. Anayetoa nusu ya hewa anapata zaidi ya nusu ya utulivu. Ndiyo sababu inafaa kununua uwezo mkubwa na kuutumia kidogo.

Aina ya sauti nayo hubadilika. Kila bawa linapopita mbele ya fremu hutoa pigo dogo la hewa. Feni ndogo yenye mabawa 7 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika hutoa mapigo 583 kwa sekunde, sauti kali iliyo katika eneo ambalo sikio husikia vizuri. Feni kubwa yenye mabawa 7 ikizunguka mara 700 hutoa mapigo 82 kwa sekunde. Kwa sauti nzito kiasi hicho, kipimo kinachoiga sikio la binadamu huondoa zaidi ya desibeli 20 ukilinganisha na sauti ya mapigo 1,000. Hata kama feni mbili zingetoa nguvu sawa ya sauti, ile kubwa isingesikika sana.

Msomaji aziangalie desibeli za kwenye boksi kwa tahadhari. Kwa kawaida zimepimwa umbali wa mita 1, feni ikining'inia katika chumba kilichozuiwa sauti, mbele yake hakuna kitu. Mara tu unapoifunga kwenye ubao na kuiwekea wavu, idadi hiyo haina nguvu tena. Zitumie kulinganisha feni mbili za kampuni moja, usizitumie kutabiri usiku wako.

Beringi na mkao wake

Feni nyingi za bei nafuu zina bushi: mhimili unazunguka ndani ya silinda yenye mafuta. Zikiwa mpya huwa tulivu sana. Udhaifu wake ni joto, na pia mkao wa kulala. Ukiilaza juu ya kifuniko, mhimili ukitazama juu, uzito wote wa mabawa hukaa upande mmoja, mafuta husogea, na baada ya muda inaanza kukwaruza. Beringi ya gololi huvumilia joto na mkao wowote na hudumu, lakini ina mvumo wake mdogo tangu siku ya kwanza. Ile ambayo mhimili wake huelea juu ya mafuta yenye mgandamizo huunganisha utulivu na umri mrefu, na bei yake huonyesha hivyo.

Kwa mfano wetu nashauri feni isimamishwe kwenye ubao wa mwisho wa kifuniko, upande mfupi, mhimili ukilala sambamba na sakafu. Kwa hilo kifuniko kinahitaji kimo cha ndani cha sentimita 13 au zaidi. Mafundi wengi hutengeneza vifuniko vya sentimita 8 au 10 kwa ajili ya sura. Sentimita hizo chache za ziada ndizo zinazoamua kama utaweka feni ya milimita 120 au utalazimika kurudi kwenye vile vidogo vinavyolia, na ni rahisi kuziomba kabla plaiwudi haijakatwa.

Ipulize hewa kuingia ndani. Ikivuta hewa kutoka ndani, itaishi katika hewa iliyopashwa moto na taa, na beringi ndiyo itakayolipa. Ikipuliza kuingia, inapata hewa ya sebule iliyo baridi zaidi, na mgandamizo mdogo ndani ya kifuniko husaidia kuzuia unyevu usipenye kutoka upande wa maji.

Matundu, wavu na kumbikumbi

Hewa inayoingia lazima itoke. Uwazi halisi wa feni ya milimita 120, ukiondoa kitovu chake, ni kama sentimita za mraba 100. Njia ya kutokea, kwenye ncha ya pili ya kifuniko, isiwe ndogo kuliko hapo. 150 ni bora. Kwa ujazo uleule wa hewa, ukipunguza njia hadi robo, kasi ya hewa huwa mara 4 na nguvu ya kuisukuma huwa mara 16. Hapo ndipo feni nzuri huanza kuzomea. Mashimo madogo ya keekee yaliyopangwa kwa urembo ni kosa la kawaida: yanaonekana mengi, lakini jumla ya uwazi wake ni kidogo, na kingo zake kali hutoa mluzi. Mkato mmoja mpana uliopigwa msasa kwenye kingo ni bora.

Kakamega, wavu si jambo la hiari. Mvua zinapoanza, kumbikumbi hufuata mwanga, na taa zinazowaka jioni karibu na dirisha huwaita. Mabawa yao yakiingia kwenye feni hushikamana na mabawa ya feni, mizani huharibika na mtetemo huanza. Wavu wa mbu unatosha kuwazuia, ila usiubandike moja kwa moja mbele ya feni. Hewa inayovunjwavunjwa na nyuzi kisha ikapigwa na bawa palepale hutoa sauti ya king'ora. Tengeneza fremu nyepesi ya mbao yenye eneo mara mbili la feni, iweke sentimita 3 mbele yake, na uutandaze wavu hapo. Eneo likiwa kubwa, hewa hupita polepole na vumbi halizibi upesi. Fremu ifungwe kwa namna ya kutoka kwa mkono, kwa sababu wavu usiosafishwa huwa ukuta.

Mtetemo unaosikika na samaki

Sehemu ya kelele haipiti hewani. Mtetemo wa feni huingia kwenye ubao, na ubao mpana ulioshikiliwa pembeni juu ya sanduku tupu huukuza, kwa utaratibu uleule ambao ngozi na mti wa isukuti hufanya pigo la mkono lisikike hadi kijiji cha pili. Kutoka ubaoni mtetemo hushuka hadi kwenye kioo, na kutoka kwenye kioo huingia majini, ambako sauti husafiri kwa kasi zaidi ya mara 4 ya ile ya hewani. Samaki wa dhahabu na kambare wana mifupa midogo inayounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, na husikia vizuri kuliko samaki wengi. Mfugaji anayewajali viumbe wake ana sababu ya pili ya kutaka feni tulivu.

Dawa yake ni nafuu. Kata vipande vya tyubu kuukuu ya bodaboda, weka kimoja kati ya feni na ubao, na kingine chini ya kichwa cha kila skrubu. Tundu la skrubu liwe pana kidogo ili chuma kisiguse mbao. Kaza mpaka feni itulie, usizidishe, maana mpira uliobanwa kabisa hupitisha mtetemo kama chuma. Kisha weka ukanda wa mpira huohuo kila mahali kifuniko kinapokalia kioo cha tangi.

Kuhusu idadi: kwa wati 35 za joto feni moja inatosha. Kwa hesabu tupu, mbili zinazokwenda kwa nusu ya kasi zingekuwa tulivu zaidi. Katika sebule, feni mbili zenye kasi zinazokaribiana hutoa mvumo unaopanda na kushuka, kwa mfano mara moja kila sekunde, na sikio huchoka na sauti inayobadilika mapema kuliko ile iliyo tuli. Anayehitaji mbili kwa tangi refu zaidi azitenganishe wazi kwa kasi.

Umeme wa kuizungusha

Feni ya volti 12 hukubali umeme pungufu. Kwa adapta ya volti 9, kama zile zinazobaki ruta ya intaneti inapoharibika, hukimbia kwa takriban robo tatu ya kasi yake, na kelele hushuka desibeli 6 hivi. Kwa volti 7 kasi huwa karibu asilimia 58, na punguzo hukaribia desibeli 12. Chini ya hapo baadhi ya feni hushindwa kuanza zenyewe, na feni iliyokwama haipozi kitu. Hakikisha ampea za adapta zinazidi zile zilizoandikwa kwenye feni. Usitumie kifaa cha kupunguzia mwanga wa LED kupunguza kasi ya feni ya nyaya mbili au tatu: hukatakata umeme kwa mapigo yanayosikika, na injini hunguruma. Feni za nyaya nne zina waya wa udhibiti unaopokea mapigo 25,000 kwa sekunde, juu ya upeo wa sikio, kwa hiyo hazina tatizo hilo.

Feni na taa ziwashwe na soketi moja, ili umeme ukikatika na kurudi vyote virudi pamoja. Kwenye bamba la alumini la taa funga swichi ndogo ya joto, ya aina iliyomo kwenye vikaushio vya nywele, itakayokata taa bamba likipita nyuzi 60. Feni ikifa wakati watu wametoka, swichi hiyo ndiyo itakayookoa nyumba. Magharibi mwa Kenya ni eneo la radi nyingi, basi mvua ya ngurumo inapokaribia chomoa plagi. Adapta ikae mbali na maji, na kila waya uning'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.

Jaribio na hukumu

Kabla ya kufunga kila kitu moja kwa moja, washa dawa ya mbu ya kufuka na ushike moshi wake karibu na wavu. Moshi uingie upande mmoja, upite juu ya taa, utoke upande wa pili. Ukiuona unarudi kwenye mianya ya karibu na feni, ziba mianya hiyo. Baada ya saa mbili za mwanga, gusa bamba la alumini. Mkono ukiweza kukaa bila kuungua, hewa inatosha, na unaweza kujaribu volti ndogo zaidi. Kelele ipime kwa masikio, usiku, ukiwa umekaa pale unapokaa siku zote, friji ikiwa imenyamaza. Programu za simu za kupima desibeli hazitegemeki kwa sauti ndogo kiasi hiki, kwa kuwa maikrofoni ya simu ina kelele yake yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Mpangilio uliofuata hatua hizi una nafasi nzuri ya kukaa chini ya hapo.

Hukumu yangu kwa tangi la aina hii Kakamega ni moja: draiva nje, kioo juu ya maji, kifuniko chenye kimo cha ndani cha sentimita 13, feni moja ya milimita 120 iliyosimamishwa kwenye ncha ikipuliza kuingia, njia ya kutokea ya sentimita za mraba 150, mpira kila panapogusana, na volti 7 hadi 9. Mwambie fundi seremala vipimo hivyo kabla hajashika msumeno, kwa sababu kifuniko kikishagundishwa, feni itakayoingia ni ile tu ambayo ubao utaruhusu.